Mtafuteni Katika Daftari la Mshahara



Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Lamu hata Lindi, na Unguja na Pemba pia, ukikaa na wazee wakahisabu nasaba, hufika mahali wakamtaja mtu mmoja kwa maneno mafupi: "Huyo alikwenda vitani, hakurudi." Basi, khabari yake imekwisha hapo. Kaburi lake halijulikani, mwaka aliokufa haujulikani, na wajukuu hata jina la baba yake hawana yakini nalo. Wako na wengine waliorudi, lakini walikaa kimya na yale waliyoyaona mpaka wakaingia kaburini nayo. Maneno haya nawaandikia watu wa nyumba hizo. Nataka kuwaonyesha mahali pamoja ambapo wengi hawapatafuti, napo ni daftari la mshahara wa jeshi.

Mtu akitaka khabari za babu yake askari, huuliza kwanza medali, au picha, au huenda akatazama sanamu. Mombasa iko sanamu ya askari, Nairobi iko, na Dar es Salaam iko, zote zilisimamishwa baada ya vita vya 1914-1918. Ni kazi nzuri za shaba, lakini ndani yake humpati fulani bin fulani. Sanamu humsifu askari asiyekuwa na jina, na mjukuu hawezi kuunga nasaba yake juu ya shaba.

Daftari la mshahara halimsifu mtu wala halimlii. Lataka kujua tu: ni nani huyu, ametoka wapi, ameingia kazini siku gani, apewe ngapi, amekatwa ngapi, ametoka siku gani na kwa sababu gani, na ikiwa amekufa, kilichobaki ni kiasi gani. Tazama basi, haya ni karibu maswali yaleyale ambayo kadhi angeyauliza juu ya maiti na mali yake. Wala sisi hatuna haja ya kustaajabu kwamba pesa ndiyo imewalazimisha watu kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, ni ile ya kuamrisha deni liandikwe.

Ndiyo maana nasema tuanze na pesa, maana kwa upande wa makaburi mambo yalikuwa mabaya. Wale wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Kiingereza katika vita vile, ambao kikosi chao kiliitwa Carrier Corps nasi tukakigeuza kwa ulimi wetu kikawa Kariakoo, hukisiwa kwamba jumla yao ilikaribia watu milioni moja. Waliokufa hukisiwa kuwa kiasi cha laki moja, na wako wasemao zaidi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya malaria, kichomi na njaa, katika mabonde ya Rufiji na njia za Kilwa na Lindi. Baada ya vita, Horace Byatt, gavana wa Tanganyika, alipoulizwa juu ya makaburi yao, rai yake ilikuwa kwamba yaachwe yarudi kuwa pori. Na yakaachwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika kuitumikia Uingereza katika vita vile, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati.

Lakini mtu huyohuyo ambaye hakustahili kuandikwa juu ya jiwe, aliandikwa katika hisabu. Kwa nini? Kwa sababu kila mwezi palikuwa na rupia zake. Chini ya sheria ya mwaka 1915, katika nchi ambayo leo ni Kenya, watu waliweza kuchukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi, na ujira wao ulikuwa rupia 5 kwa mwezi. Mkubwa wa idara ile, Oscar Watkins, alitaka kila mtu awe na nambari yake, na kibati cha kuvaa chenye nambari hiyo, ili hata akihamishwa kutoka kambi hii hadi ile, hisabu yake imfuate. Haikuwa hivyo daima. Watu walikufa njiani na vibati vyao, na wengine walipotea katika karatasi kabla ya kupotea porini.

Hapo ndipo ulipotokea mkasa ambao kila nyumba ya mpagazi yapasa kuujua. Vita vilipokwisha palibaki mishahara ya maelfu ya watu ambayo hakuna aliyekuja kuichukua, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamekufa, na jamaa zao ama hawakujua kwamba kuna haki ama hawakuonekana. Serikali ya Nairobi na wakubwa wa London waliandikiana miaka na miaka juu ya fedha zile: ni za nani, zilipwe na nani, zifanyiwe nini. Sehemu kubwa yake haikuwafikia warithi. Waislamu tunaijua hadithi ya ujira na jasho la mfanyakazi, nami sina haja ya kuisoma hapa. Lakini kwa mtafutaji wa nasaba dhulma hii imeacha kitu. Mshahara uliolipwa ukamalizika huandikwa mstari mmoja, kisha daftari hufungwa na pengine hutupwa. Mshahara usiolipwa huzaa barua juu ya barua. Kwa hivyo, ukimtafuta mtu wako, usiishie kwenye vitabu vya waliolipwa. Uliza khasa mafaili ya madai, ya mishahara isiyochukuliwa, na ya mali za waliokufa.

Sasa tuseme umeonyeshwa ukurasa. Utausomaje?

Anza na fedha yenyewe, maana fedha husema kabla ya jina kusema. Ukiona rupia na hela, hiyo ni hisabu ya Wajerumani, kwani wao tangu mwaka 1904 waligawanya rupia moja kwa hela 100. Ukiona rupia na senti, hiyo ni ya upande wa Waingereza. Florini ilitumika muda mfupi tu, kiasi cha mwaka 1920 na 1921, kisha ikaja shilingi. Basi karatasi ya bara yenye shilingi si ya siku za vita vile, hata kama inavitaja. Ni ya malipo yaliyofanywa baadaye, au ya mabishano yake. Ila mtu wa Unguja na awe na hadhari, kwa sababu kwao rupia iliendelea mpaka mwisho wa mwaka 1935, na rupia peke yake haitoshi kuwa dalili ya zamani.

Kisha jina. Aliyeandika alikuwa karani, pengine Mzungu, pengine Mhindi au Mgoa, pengine kijana wetu wa misheni, naye aliandika alivyosikia. Khamis amekuwa Hamisi, na Kamisi, na Amisi. Khalfan ameandikwa kwa namna ambazo mwenyewe asingejitambua. Kaa na karatasi, uandike kila sura ambayo jina la babu yako laweza kuharibika, ndipo utafute kwa sura zote. Tena usikimbilie furaha ukiona jina la Kiislamu. Vijana wengi wa bara walipoingia Keya, au walipofika pwani, walijiita Juma au Ali, ama kwa kusilimu kweli, ama kwa kufuata desturi ya kambi. Jina la baba, jina la mji, na jina la jumbe au mudiri wa mahali ndiyo yatakayokuhakikishia. Na penye neno la kabila ukikuta "Mswahili," fahamu kwamba karani alilitumia neno hilo kama kapu. Alimtia humo mwenyeji wa mji wa kale, na mtumwa aliyeachwa huru, na mgeni wa juzi aliyevaa kanzu.

Jambo la tatu ni tarehe, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wazee wetu hawakusema Machi wala Juni. Walisema kabla ya Ramadhani, au baada ya Mfungo Tatu, au wakati wa kuvuna mpunga. Kwa hivyo mjukuu huona masimulizi ya nyumbani hayalingani na karatasi, akatupa moja katika hayo mawili, na mara nyingi yote mawili yalikuwa sahihi. Vita vilipoanza Ulaya mwezi wa Agosti 1914, ilikuwa kati ya Ramadhani ya mwaka 1332. Lakini mwaka wetu wa mwezi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa Kizungu, na Ramadhani ya 1335 iliingia kiasi cha tarehe 21 Juni 1917. Mwaka huo wa 1917 ndio uliofanywa msako mkubwa wa wapagazi chini ya John Ainsworth, ulioanza kiasi cha mwezi wa Machi. Basi bibi akisema, "Alichukuliwa mwaka wa msako, mwezi wa Ramadhani haujaingia," amekwambia kwamba ni kati ya Machi na Juni 1917, na hiyo ndiyo miezi ya kuanzia katika daftari. Na Von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, aliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo waitwa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, huku kwetu ilikuwa Mfungo Tano 1337.

Utaniuliza, je, yote haya ni kwa kutaka kujua tu? La. Fikiri juu ya shamba la minazi lililoachwa na mzee mwenye wana watatu, mmoja wao akaenda vitani asirudi. Ikiwa mwana huyo alikufa kabla ya baba yake, basi watoto wake, maadamu ami zao wako hai, hawakurithi kitu katika shamba lile kwa sheria ya mirathi. Ikiwa alikufa baada ya baba yake, hata kwa siku moja, fungu lake lilikuwa limekwisha thibiti, na watoto wake ni wenye haki. Ziko jamaa zilizonuniana vizazi vitatu kwa sababu ya siku hiyo moja isiyojulikana. Na yuko mke aliyebaki hana mume wala si mjane, hajui eda yake ianze lini, kwani aliyetoweka huhukumiwa kuwa hai mpaka upatikane ushahidi au kadhi ahukumu. Mstari mmoja wa daftari, wenye siku, mwezi na neno "amekufa," ungaliwaokoa watu hao na mengi. Mimi si kadhi, na uzito wa karatasi ya serikali mbele ya sheria ni jambo la kuulizwa wenye elimu. Lakini karatasi isiyotafutwa haina uzito wowote.

Upande wa Wajerumani ni mgumu zaidi, ingawa askari wengi wa miji yetu walikuwa huko. Kwanza, hati nyingi za jeshi lao ziliungua Potsdam mwezi wa Aprili 1945, katika mashambulio ya ndege. Pili, wao wenyewe waliishiwa na fedha vita vingali vikiendelea. Mwaka 1916 walipiga sarafu Tabora, na miongoni mwake ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, wakachapa na noti za karatasi duni. Mwisho wakawa wanawaandikia askari deni. Askari akabaki na cheti chake, akakifunga katika kitambaa, akangoja.

Serikali ya Ujerumani ililipa baadhi ya madai hayo katika miaka ya 1920. Kisha, mwaka 1964, mwaka uleule aliokufa Von Lettow, Bunge la Ujerumani ya Magharibi likakubali wazee waliokuwa bado wako hai walipwe. Inasimuliwa kwamba walikusanyika Mwanza wazee kiasi cha 350, na wenye vyeti walikuwa wachache mno. Wengine walileta vipande vya nguo za jeshi. Mtu wa benki aliyekuja na fedha akashika shauri la kumpa kila mzee ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani aushike kama bunduki, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Wengi huisimulia khabari hii kwa kuchekesha. Mimi hunisikitisha, kwa kuwa ufagio ulithibitisha kwamba mzee yule alikuwa askari, lakini haukumwandikia mjukuu wake jina la baba wala la mji.

Nitamtaja mmoja ambaye karatasi zake zimebaki. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingia jeshini mtoto mdogo wa kiasi cha miaka kumi vita vilipoanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin. Akaenda katika wizara ya mambo ya nje kudai mshahara wake wa vita na wa marehemu baba yake. Wakamjibu kwamba muda wa kudai umepita. Hakurudi kwao. Alikuwa mtumishi wa mezani, akawasaidia walimu wa Kiswahili katika chuo, akaigiza katika filamu, akioa huko na kuzaa, na watu wakamjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Mwaka 1941 alikamatwa na serikali ya Hitler kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafa humo mwezi wa Novemba 1944. Wanachuoni wa Ujerumani waliokusanya maisha yake wamepata mengi kutoka katika mafaili ya serikali, na miongoni mwa hayo ni dai lile la mshahara lililokataliwa. Leo liko bamba dogo la shaba nyeupe na manjano barabarani Berlin lenye jina lake.

Juu ya vita vya pili, vya 1939-1945, nitasema machache, maana hati zake ni nyingi zaidi na wazee waliosimulia tumewahi kuwasikia. Askari wa Keya walipigana Uhabeshi, Madagascar na Burma, na wengi waliamuru sehemu ya mshahara wao ipelekwe kwa jamaa nyumbani kupitia ofisi ya wilaya. Karatasi za fedha hizo ni za kutafutwa sana, kwa sababu hutaja aliyepokea: mke, mama, au ndugu. Wale waliozama na meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini mwezi wa Februari 1944 na kupigwa na Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi tarehe 12 ya mwezi huo, ambapo walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, waliacha nyuma fedha za namna hiyo. Na atakayesoma hisabu za bakhshishi waliyopewa askari walipoachwa, asidhani karani amekosea akiona Mwafrika amepewa kidogo na Mzungu amepewa zaidi kwa miezi ileile. Viwango viliwekwa kwa rangi ya mtu.

Wapi pa kwenda? Kenya na Tanzania zina Nyaraka za Taifa, Nairobi na Dar es Salaam, na Zanzibar ina zake hapo Kilimani. London, mahali paitwapo Kew, ziko barua za wizara ya makoloni na orodha za medali za Keya. Berlin ziko za wizara ya makoloni ya Wajerumani. Wala usikate tamaa kwa kuambiwa kwamba zote zimechomwa. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba katika hati kuukuu zilizokuwa zimehifadhiwa na jeshi la Kenya yamepatikana majina zaidi ya 3,000 ya askari waliokufa katika vita vya kwanza, ambayo watu walidhani yamepotea kabisa.

Lakini kabla ya kupanda gari kwenda mjini, kaa na wazee wa nyumba, khasa wanawake, kwa sababu wao ndio walioachwa nyumbani kungoja. Uliza jina lake, la baba yake, la mama yake, lakabu yake, mtaa, jumbe wa wakati ule, aliondoka na nani, na nani alirudi akasema amemwona. Waliokwenda pamoja mara nyingi waliandikwa nambari zinazofuatana, na ukimkosa wako, pengine utampata jirani yake, kisha ushuke mstari mmoja.

Na lipo jambo la adabu. Ukurasa wa namna hii waweza kufichua usilolitafuta: baba mwengine, mke mwengine katika mji mwengine, au kwamba babu aliyeitwa muungwana aliandikishwa akiwa mtumwa wa fulani. Lisomwe kwanza na wakubwa wa jamaa faraghani. Sisemi lifutwe, kwani mke wa pili na watoto wake nao wana haki. Nasema lisitangazwe barazani kabla ya kuwafikia wenyewe.

Ukipata nakala, andika nyuma yake kwa Kiswahili imetoka faili gani, nambari gani, na nani aliyeisoma na lini. Toa nakala ya pili uipe jamaa wa tawi jingine, nyumba isiyovuja.